Mauzo ya kufunga duka: Ludwig Richter na kijiji cha sebuleni

Ludwig Richter, mchoraji Mjerumani wa karne ya 19, alichora maelfu ya picha za kuchongwa kwenye mbao na kupigwa chapa. Moja kati ya hizo ina jina ambalo ungelitegemea kwenye kioo cha duka: "Mauzo ya Mwisho kwa Sababu ya Kufunga Biashara." Ni ya mwaka 1853. Watoto wawili wako kwenye gulio la Krismasi la Dresden, na bidhaa yao ni vikaragosi vya plamu kavu zilizotungwa kwenye vijiti. Wenyeji huviita Pflaumentoffel. Kikaragosi hicho hakina umbo la malaika wala la mfalme. Ni mtoto wa kazi, yule aliyeingizwa kwenye dohani kukwangua masizi kwa kuwa mwili wake mdogo ulipenya. Basi hapa tuna watoto fukara wanaouza sanamu za watoto fukara, na mchoraji anawatania kwa lugha ya matajiri wa mjini.

Unatabasamu kwanza, ndivyo Richter alivyotaka. Halafu lile jina linaanza kukukera kidogo, maana unajiuliza ni biashara gani hasa inayofungwa.

Wanaomsifu Richter husema alitunza sura ya kijiji cha Kijerumani kabla hakijapotea: mchungaji na mbwa wake, bibi na gurudumu lake la kusokota nyuzi, maharusi wanaotoka kanisani wakipita msituni, mlinzi wa usiku na taa yake. Wanaombeza husema alikuwa muuza peremende. Mimi naona pande zote mbili zinatazama mahali pasipo penyewe. Richter hakutunza kijiji. Alikiunda upya kwa ajili ya sebule za watu wa mjini, akitumia mashine na soko lilelile lililokuwa likikimaliza kijiji cha kweli. Na kama kuna desturi iliyokuwa ikifa ambayo yeye aliijua kwa undani wa mifupa, si ya wakulima. Ni ya nyumbani kwao.

Alizaliwa Dresden tarehe 28 Septemba 1803, mtaa wa Friedrichstadt, katika familia ya Kikatoliki. Babu yake mzaa baba alikuwa mpiga chapa wa bamba za shaba. Baba yake, Carl August Richter, alikuwa mchongaji wa shaba na mwalimu katika chuo cha sanaa cha mji huo, aliyefundwa na Adrian Zingg, Mswisi aliyekuwa gwiji wa kuchora mandhari za Saxony, nchi ya Kijerumani ambayo Dresden ilikuwa mji mkuu wake. Mtoto hakuulizwa atakuwa nani. Alikaa mezani kwa baba akachonga. Mtindo wa Zingg ulikuwa na kanuni hata za majani: mti wa aina hii majani yake hukatwa kwa meno ya msumeno, wa aina ile huviringwa. Ukishazikariri huna haja ya kutoka nje kuuangalia mti. Uzeeni Richter aliikumbuka kanuni hiyo kwa kicheko chenye uchungu, kwani ilimchukua miaka kuiondoa mkononi.

Kwa hiyo huyu si mtoto wa shamba aliyekwenda mjini akaanza kuililia ng'ombe ya mama yake. Ni mtoto wa mjini, wa ukoo wa mafundi. Mwaka 1813, akiwa na miaka tisa, vita ya Napoleon ilipigwa kwenye malango ya Dresden. Mashambani alikokuja kuona amani, alianza kwa kuona majeruhi.

Mwaka 1820 Mrusi mmoja wa ukoo wa kifalme, Narischkin, alimchukua kwenda Ufaransa awe mchoraji wake wa safari. Baadaye mchapishaji wa Dresden, Christoph Arnold, akamgharamia miaka mitatu ya kusoma, naye akaenda Roma, akakaa huko kuanzia 1823 hadi 1826 pamoja na wachoraji wengine wa Kijerumani. Alirudi, akamwoa Auguste Freudenberg mwaka 1827, na mwaka uliofuata akapata kazi ya kufundisha kuchora kwenye kiwanda cha vyombo vya kauri cha Meissen, mji ulio karibu na Dresden. Ni mshahara mdogo, ni watoto, ni miaka saba ya kuiota Italia. Nadhani wengi wetu tunaijua hali hiyo: umekwishaona kwingine, sasa unapanga foleni kwenu.

Kilichombadilisha ni matembezi. Katikati ya miaka ya 1830 alipanda na mto Elbe hadi Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ucheki, akafika chini ya magofu ya ngome ya Schreckenstein. Jioni akaona kivuko kinavuka mtoni kimejaa watu na wanyama. Miongoni mwa abiria alikuwamo mzee mwenye kinubi, ambaye badala ya kulipa nauli alipiga muziki. Kutokana na jioni hiyo Richter alichora mwaka 1837 mchoro wa rangi wa mafuta ambao hadi leo uko Dresden: mwenye kivuko anavuta kasia, mzee anapiga kinubi, vijana wapenzi, mtoto, na msafiri aliyesimama akiitazama ngome kana kwamba ndiyo inayoondoka, si yeye.

Tuitazame nauli hiyo. Uchumi ambamo wimbo ulikubalika kama sarafu, hata mara moja tu na hata kwa huruma ya mwenye kivuko, ndio Richter alioutafuta maisha yake yote. Huko ndiko alikouona uzuri. Miaka miwili baada ya mchoro huo, mwaka 1839, reli ya kutoka Leipzig hadi Dresden ilifunguliwa yote, ya kwanza ya masafa marefu Ujerumani. Kwenye treni hakuna anayelipa kwa kinubi.

Saxony ya wakati huo haikuwa pembe iliyosahauliwa na dunia. Ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo za Ujerumani kuingia kwenye viwanda, na Chemnitz ilikuwa ikijaa mashine za kusokota pamba. Sheria ya Machi 1832 iliwaruhusu wakulima kujikomboa kwa malipo kutoka kwenye shokoa na ushuru wa mabwana, na sheria hizohizo zikaruhusu malisho ya pamoja kugawanywa. Mwenye shamba alipata hati. Asiye na kitu ila mbuzi wawili na haki ya kuwalisha pale walipolisha wote, alipoteza pa kuwapeleka. Mchungaji wa kijiji, yule aliyeajiriwa na wote kulisha mifugo ya wote, alikuwa akipoteza kazi miaka ileile alipokuwa akizidi kujaa kwenye vitabu vya picha. Na gurudumu la bibi la kusokota lilikuwa limeshashindwa na mashine kabla Richter hajalichora kwenye kona ya jiko.

Sasa twende kwenye ubao wenyewe, maana hapa ndipo ninapoona jambo ambalo wachambuzi hulipita haraka.

Shaba huchongwa kwa kutia mifereji. Wino hukaa ndani ya mfereji, bamba hufutwa, karatasi hulowekwa kidogo kisha hukandamizwa kwa mashine nzito hadi iunyonye wino. Ni kazi ya taratibu, na haiwezi kwenda pamoja na herufi, kwa sababu herufi za madini ya risasi hupiga chapa kwa sehemu iliyoinuka, si iliyozama. Kitabu chenye picha za shaba kilihitaji mashine mbili na mafundi wa aina mbili, na bei yake ilikuwa kubwa.

Mwishoni mwa karne ya 18 Thomas Bewick wa Newcastle, Uingereza, alionyesha njia nyingine inavyoweza kufika mbali. Chukua mti mgumu sana, ule Wajerumani wanaouita Buchsbaum. Usipasue ubao kwa urefu wake. Kata shina kwa kukatisha, upate kipande cha duara kinachoonyesha pete za umri wa mti. Upande huo hauna nyuzi za kukuvuta patasi kushoto au kulia. Unaweza kuchonga mstari mwembamba kama unywele, na unachokiacha kimeinuka ndicho kitakachochapa. Ukisawazisha kimo cha kipande na kimo cha herufi, unavifunga kwenye fremu moja, unavipaka wino kwa pamoja, na mashine inatema maneno na picha kwa mkupuo mmoja. Zaidi ya hapo, unaweza kukitolea kipande hicho nakala za chuma, ukachapa maelfu bila kuuchosha ubao.

Hiyo ndiyo teknolojia iliyomfanya Richter awe Richter. Mchapishaji Georg Wigand wa Leipzig ndiye aliyemwingiza humo, na ngano za mwandishi Musäus, toleo la mwaka 1842 lililojaa picha zake, ziliwafungulia mlango Wigand na Richter wote wawili. Zikaja kalenda za watu wa kawaida, mashairi ya mshairi Hebel, na ngano zilizokusanywa na Bechstein mwaka 1853, kitabu kilichoingia kwenye vyumba vya watoto vya Ujerumani nzima. Mtu ambaye asingenunua mchoro wa rangi hata akiuza koti lake, aliweza kuwa na Richter nyumbani.

Na nani alichonga? Si yeye. Richter alichora kwa penseli au kalamu, na wengine wakakata. Ubao ulikwenda kwa fundi ambaye kazi yake ilikuwa kuondoa kila kitu ambacho si mstari wa Richter, akichonga picha iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Jina la fundi, kama liko, utalitafuta kwenye kona kwa herufi ndogo kama kunguni. August Gaber, mmoja wa walio bora, alikuja kuwa mkwewe. Hugo Bürkner alifundisha ufundi huo kwenye chuo cha sanaa cha Dresden. Richter mwenyewe ilibidi ajifunze upya kuchora: mistari michache, iliyo wazi, bila vivuli vya wasiwasi, kwa sababu mkono wa pili utaupita kila mstari na mkono wa pili huchoka. Utulivu ule tunaouita roho ya kijiji cha kale, kwa sehemu kubwa, ni busara ya karakana.

Babu alipiga chapa ya shaba. Baba alichonga shaba. Mjukuu alipata jina kwa mbao, na mbao ndizo zilizoinyang'anya shaba riziki ya vitabu. Ukinipa picha zake zote nilizowahi kuziona nitakuonyesha seremala, mwokaji, mchungaji, mvuvi, mwalimu na kuku wake. Mzee anayekandamiza karatasi yenye unyevunyevu juu ya bamba la shaba sijamwona. Desturi iliyokufa nyumbani kwake yeye mwenyewe haikuonekana kuwa na soko.

Hapo Mei 1849 watu wa Dresden walijenga vizuizi mitaani kumpinga mfalme wa Saxony, na majeshi ya Prussia, ufalme jirani, yakaja kuvivunja. Mwaka huohuo Wigand, mchapishaji wa Richter, alitoa mfululizo wa picha sita za mchoraji Alfred Rethel, zilizochongwa kwenye karakana ya Bürkner palepale Dresden. Ndani yake Mauti yamevaa nguo za mwanasiasa, yanaingia mjini, yanawahutubia watu, yanawapeleka kwenye vizuizi wakafe. Rethel aliwachukia wanamapinduzi, na picha zake ni propaganda tupu. Lakini ni propaganda inayokubali kwamba jambo limetokea. Mafundi walewale, ubao uleule, mchapishaji yuleyule. Upande mmoja mifupa inapanda farasi, upande mwingine Richter anawavisha watoto kofia za usingizi.

Ningeweza kumshutumu kwa hilo, na wapo waliofanya hivyo. Lakini nina udhaifu wangu: ninapenda picha tamu zinapochorwa na mtu anayeijua chumvi. Mwaka 1854 mke wake alifariki. Kuanzia mwaka 1858 hadi 1861 alitoa mfululizo wake mkubwa, "Kwa Ajili ya Nyumba," vitabu vinne kwa majira manne ya mwaka. Kwenye utangulizi alisema kwamba kwa muda mrefu alitamani kuonyesha maisha ya familia katika uhusiano wake na kanisa, nyumba na maumbile. Ukijua kwamba mchoraji wa zile meza zilizojaa watu alikuwa mjane, unaanza kuiangalia tofauti ile furaha. Kila kitu kiko mahali pake: mbwa chini, paka dirishani, bibi anasoma, mtoto anaanguka na mwingine anamwinua. Imejazwa kama mtu anavyojaza nyumba asiyotaka kuisikia ikiwa kimya.

Hata hivyo, tusiliite hilo ushahidi. Linganisha na Ferdinand Justi wa Marburg, mtaalamu wa lugha za Kiirani ambaye kwa mapenzi yake alizunguka vijiji vya Hessen akichora mavazi ya wakulima. Kitabu chake kilitoka kwa vipande kati ya 1899 na 1905. Justi anakwambia kijiji gani, vazi gani la ibada, gani la msiba, kitambaa gani, mshono gani. Ukitaka kulishona vazi hilo upya, utaanzia kwake. Kwa Richter huwezi. Sketi zake ni sketi tu, kofia ni kofia za zamani za mahali popote. Alikaa majira mengi ya joto Loschwitz, kijiji cha mashamba ya mizabibu juu ya Elbe ambacho leo ni mtaa wa Dresden, na vilima vyake vinaonekana kwenye picha nyingi. Vimeoshwa tu hadi vikawa vilima vya kila mtu. Ndiyo maana viliuzwa Hamburg sawa na Leipzig. Kijiji chenye anwani hakisafiri.

Na kilipokwisha kukosa anwani, yeyote aliweza kuhamia. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ferdinand Avenarius, aliyehariri gazeti la Kunstwart hukohuko Dresden, alisambaza picha za Richter kwa bei nafuu kama dawa ya kuwaponya Wajerumani kutokana na mji mkubwa na ladha mbovu. Kizazi ambacho hakijawahi kukamua ng'ombe kikafundishwa kwamba huko ndiko kwao. Sidhani Richter alikusudia hilo. Lakini kijiji kisicho na kodi, kisicho na mwenye deni na kisicho na ugomvi wa mpaka ni kiwanja kitupu, na kiwanja kitupu hakikosi wa kukivamia.

Kama unataka kumpata Richter shahidi, weka picha pembeni usome maneno yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1860 alianza kuandika kumbukumbu za maisha yake, na miaka michache baadaye macho yakamharibikia hata akaacha kuchora. Mwanawe Heinrich alizitoa mwaka 1885, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Humo mna yote aliyoyanyima mbao: karakana ya baba yenye harufu ya kazi, kanuni za majani za Zingg, umaskini wa Meissen, vita ya mwaka 1813 machoni mwa mtoto. Mna mzee na kinubi chake kwenye kivuko. Mna watu wenye majina, madeni na tabia mbaya. Mkono uliozoea kulainisha kila mstari ukawa hauwezi tena, na ndipo mambo yenye kona yakaanza kutoka.

Alifariki tarehe 19 Juni 1884. Miaka miwili kabla yake, Georg Meisenbach wa Munich alikuwa amepata hataza ya kugeuza picha ya kamera kuwa nukta kwenye bamba la chuma, bamba linalochapwa pamoja na herufi, bila fundi wa kuchonga. Karakana za mbao hazikufa siku hiyo. Zilikufa taratibu, oda moja moja, na wachongaji waliobaki wakawa wakirekebisha nukta za wengine. Gaber aliishi hadi 1894.

Richter amezikwa Friedrichstadt, mtaa aliozaliwa, kwenye makaburi mapya ya Wakatoliki. Siku nilipokwenda kulitafuta kaburi hilo nilipotea njia, nikajikuta upande wa reli. Kuna yadi kubwa ya treni za mizigo hapo, iliyojengwa miaka ya 1890, mwongo uleule Gaber alipofariki. Nilisimama nikisubiri mabehewa yapite. Yalikuwa marefu, nikaanza kuyahesabu, nikaacha.